Muulize Fundi wa Ngoma: mizinga iliyopasuka, majembe ya plaiwudi na miche ya mninga

Mwangaluka wasomaji. Mavuno yakishaingia ghalani, vikundi vinashusha ngoma zao na barua zinaanza kumiminika hapa Kisesa. Mwezi huu nimechagua zile ambazo jibu lake litamfaa mtu akiwa kazini. Ya mwalimu wa Ukerewe nimeipa nafasi kubwa, kwa sababu shida yake naiona katika shule nyingi za kanda yetu.

Shikamoo Mzee. Mwaka jana wazazi wa shule yetu walichangishana tukanunua ngoma tatu mpya mjini Mwanza. Kufikia Januari mbili zilikuwa na ufa kuanzia mdomoni hadi katikati. Ya tatu ngozi imelegea, ukiipiga haivumi. Tunazihifadhi kwenye stoo ya bati, na muuzaji anasema tumezitunza vibaya. Ni kweli? Na zinatengenezeka?
*Mwalimu wa sanaa, Nansio*

Marahaba mwalimu. Waondolee watoto lawama kwanza. Ngoma haipasuki kwa kupigwa. Mkono wa mtoto hauwezi kupasua gogo. Ngoma hupasuka kwa sababu mzinga wake, yaani gogo lililochimbwa, ulifungwa ngozi ukiwa bado una maji, kisha ukakaushwa haraka. Mti ukikauka hunywea, tena hunywea zaidi kwa kuzunguka gogo kuliko kuelekea moyoni. Nguvu hiyo lazima itokee mahali, na hutokea palipo pembamba, yaani mdomoni. Stoo yenu ya bati imechangia, hapo muuzaji hakukosea. Lakini ubichi aliwauzia yeye.

Nikueleze tunavyofanya, ili siku nyingine ujue cha kuuliza. Gogo likifika kwangu nalimenya ganda, halafu nazipaka ncha zote mbili samadi nzito ya ng'ombe. Maji hutoka upesi zaidi nchani kuliko ubavuni, na samadi huyachelewesha. Kisha nalichimba likiwa bado bichi, maana mti mbichi unaikubali tezo, kishoka chetu cha kuchongea, ila simalizi. Naacha ukuta mnene, vidole vinne hivi. Gogo lililotolewa moyo lina nafasi ya kujinyonga pole pole bila kupasuka. Nalijaza vumbi lake lenyewe, nalilaza kivulini juu ya vipande vya mti lisiguse ardhi, na hapo linakaa hadi kiangazi kipite. Ndipo narudi na tezo ndogo na patasi kulipunguza hadi unene ninaoutaka. Mteja akija na haraka ya harusi ya Jumamosi, namkodisha ngoma iliyokwisha komaa. Mbichi simuuzii hata akiongeza bei.

Aina ya mti nayo ina neno. Mninga ukishakauka hautikisiki sana, ndiyo maana maseremala wanaugombania na bei yake iko juu. Mkuyu ni mwepesi, unachimbika vizuri, na ngoma yake mtoto anaweza kuibeba hadi uwanjani. Udhaifu wake ni dumuzi, wadudu wanaotoboa mbao, wanaupenda mno. Ukiona vitundu vidogo na unga mweupe chini ya ngoma, iweke mbali na zenzake siku hiyo hiyo.

Ngozi ya ngoma kubwa ni ya ng'ombe, mbichi, isiyopitia kiwandani. Ile iliyolainishwa kwa dawa kwa ajili ya viatu haina sauti. Tunaiwamba chini kwa vigingi kivulini, tunaikwangua nyama na mafuta, na inapokauka inakuwa ngumu hadi inalia ukiigonga kwa ukucha. Kabla ya kuivisha mzinga tunailoweka usiku kucha. Mimi hupendelea sehemu ya ubavuni, kwa kuwa kwenye uti wa mgongo ngozi ni nene na upande mmoja wa ngoma ungelia tofauti na mwingine. Ngoma ndogo za kuitikia tunazivisha ngozi ya mbuzi.

Sasa hizo zako. Zenye ufa, vua ngozi kwanza. Usizibe chochote leo. Acha mizinga mitupu kivulini mpaka uhakikishe ufa haupanuki tena. Ufa mwembamba jaza unga wa mbao uliokorogwa na gundi ya seremala. Ukiwa mpana, chonga kipande cha mti wa aina ile ile, chembamba kwa ncha, ukipachike na gundi, kisha usawazishe kwa msasa. Baada ya hapo zungusha mkanda wa ngozi mbichi iliyolowekwa chini kidogo ya mdomo, uufunge kwa nguvu. Ukikauka utaubana mzinga wenyewe. Sauti itarudi karibu yote.

Iliyolegea haina ugonjwa. Ninyi mnaishi kisiwani, hewa imejaa unyevu na ngozi inaunywa. Iote juani kabla ya kupiga, au washa moto wa nyasi kavu uizungushe kwa mbali huku ukiigonga kwa vidole, mpaka sauti ipande. Usiiegemeze kwenye jiko la mkaa, utaikaanga pembeni na itachanika. Kama bado iko chini, gonga vigingi vyake vinavyoshika ngozi kimoja kimoja kwa kuzunguka, kidogo kidogo, usimalize upande mmoja ndipo uende mwingine. Kuzihifadhi, tafuta rafu ya mbao ndani ya darasa, mbali na bati na mbali na sakafu ya saruji.

Ukienda kununua tena, inua ngoma. Ikiwa nzito kupita umbo lake, ina maji. Ingiza mkono kwa chini upapase ukuta wa ndani kama una unene mmoja. Kisha inuse. Mti mbichi una harufu ya shamba, na hakuna rangi inayoificha.

Mzee, sisi ni kikundi cha vijana, tunatumbuiza kwenye harusi na sendofu. Tunacheza bugobogobo kwa majembe ya plaiwudi tuliyopaka rangi ya fedha, ni mepesi na yanapendeza kwenye video. Juzi mzee mmoja alisimama katikati ya watu akasema tunaichezea mila. Tumekosea wapi?
*Vijana wa Nyakato*

Wanangu, huyo mzee sina shaka amelima kwa ngoma. Bugobogobo ni ngoma ya jembe. Ilitoka kwa makundi ya wakulima waliokuwa wakizunguka shamba kwa shamba kulimiana, wapigaji wakiwa pamoja nao na majembe yakishuka kwa pigo. Eneo ambalo mtu mmoja angelisotea wiki nzima, kundi lililishambulia kwa pamoja huku likiimba. Aliyeiona hiyo akiwa mtoto, akaja kuona plaiwudi, ni lazima aumie.

Ila nawaambia kama fundi pia, acha mila pembeni kidogo. Tazameni jembe lenyewe likiwa hewani. Jembe la chuma lina uzito mbele. Ukilirusha linajipindua lenyewe, mpini unakurudia kiganjani, na mguu wako unajua lini ukanyage kwa sababu uzito umeshuka. Plaiwudi inaelea. Inachelewa kurudi, mchezaji anaisubiri, na mpiga ngoma naye inabidi ampunguzie mwendo. Ngoma yote inapoa, na watazamaji wanahisi kuna kitu kimepungua hata kama hawajui ni nini. Mgongo nao unadanganya: asiyebeba uzito hainami kama mkulima.

Kanunueni majembe halisi, yale ya kawaida ya dukani. Futeni makali kwa tupa mpaka bapa likipita kwenye kiganja lisikate. Kabla ya kila onyesho lowekeni upande wa mpini unaoingia kwenye jembe ili uvimbe na kukaza, na mkaguzi awe mtu mmoja anayejulikana, si kila mtu na lake. Achianeni nafasi ya mikono miwili iliyonyooshwa. Ukumbi wenye vigae msirushe kabisa, chezeni bila kurusha. Halafu mtafuteni bibi au babu mmoja wa mtaani kwenu, mumlipe nauli na chakula, awasimamie mazoezi. Kama yule mzee anapatikana, anzeni na yeye.

Nataka kuwapeleka wanangu makumbusho ya Bujora wakati wa tamasha la ngoma la Bulabo. Wamezaliwa mjini, wananiuliza Bagika na Bagalu ni akina nani na mshindi anapatikanaje, nami sina jibu.
*Mama wa watoto watatu, Igoma*

Mama, hapo umenigusa. Baba yangu alikuwa wa Bagalu na wajomba zangu wote ni wa Bagika, kwa hiyo nimesikia kila hadithi kwa pande mbili. Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake, nitajitahidi nisivute.

Hivyo ni vyama viwili vikubwa vya ngoma vya Usukumani. Vinafuatilia asili yake hadi kwa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, ambao walishindana nani ana dawa na ujuzi wa kuvuta watu zaidi. Wafuasi wa Ngika ndio Bagika, wa Gumha ndio Bagalu. Vikundi vingi vya ngoma baadaye vikajipanga nyuma ya mmoja au mwingine, na msimu wa mashindano ni huu wa baada ya mavuno, Juni hadi Agosti, chakula kikiwepo na miguu ina nguvu.

Wanao watalipenda hili la mshindi. Kijadi hakuna meza ya majaji. Pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na watazamaji wako huru kwenda wanakotaka. Anayebaki na watu wengi ameshinda. Ukishalielewa hilo, mengine yote yanajieleza. Ndiyo maana palikuwa na dawa za samba, za kuvuta watu, ndiyo maana ningi, yaani mtunzi wa nyimbo, anatunga wimbo mpya kila msimu na kuufanya siri mpaka siku yenyewe, na ndiyo maana mafundi walichonga vinyago vya mbao vyenye mikono inayocheza, ili vitolewe ghafla wakati upande wa pili unaanza kuzidi. Nimeshuhudia umati mzima ukihama kwa kishindo cha ngoma moja. Simameni katikati, mahali mnapoona pande zote, na waache watoto wahame wenyewe. Usiwashike mkono kuwazuia. Hiyo ndiyo kura yao.

Bulabo inaambatana na Sikukuu ya Ekaristi, mara nyingi Juni. Aliyeunganisha mambo hayo ni Padre David Clement, mmisionari kutoka Québec, Kanada, aliyefika Bujora miaka ya 1950 na kukusanya ngoma, vyombo na habari za watemi, na huo ukawa msingi wa makumbusho ya leo. Kanisa lenyewe ni la mviringo kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma. Waonyeshe watoto jengo lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, kisha lile la vyama vya ngoma. Usafiri ni rahisi: daladala za Kisesa, barabara ya Musoma, kisha bodaboda.

Nina mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu. Anaimba kuliko wote lakini kikundi cha shule kinasema ngoma zetu zote ni za kuruka.
*Mwalimu, Magu*

Si kweli. Wafundisheni wigashe. Inachezwa na watu wameketi, kazi iko mabegani, shingoni na kwenye sauti, na wimbo ndio unaotawala. Huyo mtoto mkalisheni katikati ya safu aanzishe yeye.

Tunaandaa mavazi. Kuna mtu anatuuzia manyoya ya mbuni na ngozi ya mbega kwa bei nafuu, na mwingine yuko tayari kutupa chatu mdogo wa kuchezea. Tununue?
*Kiongozi wa kikundi, Buhongwa*

Hapana, hata kimoja. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inataka kibali kwa mtu yeyote kumiliki mnyamapori au sehemu ya mnyamapori, iwe nyoya, ngozi au mnyama mzima. Bei nafuu ni dalili kwamba karatasi hazipo, na atakayekamatwa ni aliyevaa, muuzaji atakuwa ameshaondoka. Kwa mavazi tumieni ngozi ya mbuzi na ya ng'ombe, manyoya ya jogoo na ya bata mzinga, na shanga. Vinapendeza vikishonwa vizuri.

Kuhusu chatu nasema kwa heshima kubwa kwa Bayeye, wachezaji wa nyoka. Hicho ni chama chenye miiko yake, wanachama wanafundishwa kumjua nyoka na kutibu aliyeumwa kabla hawajaruhusiwa kumgusa. Kumchukua chatu bila kupitia kwao ni kudharau ujuzi huo. Wanaocheza naye kihalali wana vibali, muwaalike wao muwalipe.

Nasuka vikapu vya magugu maji. Vinatoka vizuri, baada ya mwezi vinaota ukungu na wateja wanavirudisha.
*Msusi, Igombe*

Msusi nyumbani kwangu ni mama watoto, na jibu hili ni lake, mimi naliandika tu.

Anasema: gugu hilo karibu lote ni maji. Unapoliona limekauka kwa nje, ndani bado lina unyevu, na ukilisuka hivyo umeufungia unyevu ndani ya kikapu. Chagua mabua marefu yaliyokomaa, yakate karibu na shina, yaoshe tope lote, uyaanike juu ya chanja jua lipite chini na juu, uyageuze kila siku na kuyaingiza ndani jioni kabla umande haujashuka. Bua liko tayari likikunjwa linalia kavu. Kama linapinda kimya kimya, rudisha juani. Wakati wa kusuka lipake maji kidogo kwa kitambaa lisikatike, na kikapu kikiisha kianikwe tena mpaka kikauke ndipo upake vanishi. Wengi wanaharibu hapo, wanapaka vanishi juu ya kikapu chenye unyevu. Yeye huvuna kwa wingi kiangazi, Juni hadi Agosti, akaweka akiba ya masika.

Mimi naongeza mawili. Vaa mabuti marefu, maji ya ufukweni yana kichocho. Na mabaki usiyarudishe ziwani, kipande kidogo tu kinachipua upya. Lichome au lifukie mbali na maji.

Mtu wa video alirekodi wimbo wetu na sasa anauza. Anasema nyimbo za asili hazina mwenyewe.
*Kikundi, Ilemela*

Anawadanganya. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi, inamlinda mtumbuizaji, na inazilinda pia sanaa za jadi zenyewe. Wimbo aliotunga ningi wenu msimu uliopita ni mali yake, hata kama pigo ni la mababu. Hakikisheni kikundi kimesajiliwa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, wimbo uandikisheni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kisha mwendeeni na barua. Kuanzia sasa kamera isiwashwe kabla ya makubaliano kuandikwa na kusainiwa.

Mzee, nimeachiwa shamba la ekari tano. Nataka nipande miti ya kuchongea ngoma na vinu. Nianze na upi?
*Kijana, Sengerema*

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kijana wangu, maana mafundi wengi wanaulizia wapi pa kukata na wewe unauliza wapi pa kupanda.

Usukumani tulimaliza miti kwa sababu nyingi. Wakati wa ukoloni vichaka vilifyekwa maeneo makubwa ya Shinyanga kuua mbung'o, kisha ikaja pamba, na mifugo ikaongezeka. Kilichorudisha kijani huko ni jambo ambalo wazee walikuwa nalo tayari, ngitili, yaani eneo unalolifunga mifugo isiingie ili majani na miti vipumzike. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza 1986 ulizirudia ngitili badala ya kushinikiza watu wapande miti ya kigeni peke yake, na zikarudi kwa wingi. Kwa hiyo kabla hujanunua mche, funga ekari moja au mbili. Visiki na mizizi iliyomo ardhini itakuonyesha kuna nini.

Mkuyu ndio wa kuanza nao. Unashika kwa kipande cha tawi. Kata matawi yenye unene wa mkono, yachimbie mwanzoni mwa mvua karibu na mkondo wa maji, uyazungushie miiba mbuzi wasiyafikie.

Mvule unaota, lakini mche wake ukiwa peke yake juani hushambuliwa na wadudu wanaovimbisha majani hadi ncha inakufa. Upande chini ya kivuli cha miti mingine.

Mninga unahitaji moyo. Ukikata tawi lake linatoa utomvu mwekundu kama damu, na mti mzima una tabia zake. Mche huota, kiangazi kikifika unakauka wote juu ya ardhi. Mvua zikija unachipua, kiangazi unakauka tena. Unaweza kufanya hivyo miaka saba, kumi, hata zaidi. Muda huo wote unajenga mzizi chini, na siku mzizi ukitosha shina linapanda moja kwa moja. Watu wengi hung'oa mwaka wa pili wakidhani umekufa. Weka kijiti chenye alama kila ulipopanda, na kila Mei palilia ukanda mpana kuzunguka eneo hilo, kwa sababu moto wa nyasi unamrudisha mninga nyuma kila unapopita. Utakuwa gogo la ngoma wakati wajukuu zako wana watoto.

Na hata miti ikiwa shambani kwako, mninga na mvule ukitaka kuukata muone kwanza afisa misitu wa wilaya upate kibali. Mwone mapema, atakueleza pia wapi pa kupata mbegu.

Vuli ikianza, niandikie uniambie matawi mangapi ya mkuyu yameshika. Yakikataa, nitumie picha ya ulipoyapanda tuangalie udongo.